Beetle ya 1969 iwe gari la kila siku? Jibu kwa mwalimu wa Kakamega

Mwalimu mmoja ameniandikia kutoka Kakamega. Anafundisha karibu na Mbale, Vihiga, kilomita zipatazo 25 kutoka nyumbani kwake, na amechoka kubanana kwenye matatu alfajiri. "Mzee jirani yetu anauza Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969," anasema. "Limekaa bandani muda mrefu, ila akiliwasha linawaka. Nikilinunua liwe gari langu la kila siku, litanifaa au litaniaibisha njiani? Na je, naweza kwenda nalo Nakuru mara moja moja kuwaona wazazi? Walimu wenzangu wananiambia nitafute Toyota Vitz."

Mwalimu, litakufaa, mradi ukanunue bodi na si injini. Watu wengi wakienda kuangalia Beetle hupita moja kwa moja nyuma, wakafungua kifuniko, wakaomba liwashwe, wakasikiliza. Likinguruma vizuri wanatoa pesa. Kumbe injini ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote katika gari hili. Imeshikiliwa kwenye gia boksi kwa bolti nne, na mafundi wawili wanaolijua gari huishusha na kuirudisha siku hiyo hiyo. Vipuri vyake havijaadimika, kwa sababu Beetle liliendelea kuundwa Mexico hadi Julai 2003, na Brazil walikuwa bado wanaiweka injini ya ukoo huo huo, inayopozwa kwa hewa, kwenye Kombi hadi mwaka 2005. Pistoni, silinda, valvu na beringi huagizwa mpaka leo. Ukianza kuulizia Kirinyaga Road kule Nairobi, hutakosa wa kukuelekeza.

Kutu ndiyo itakayokumaliza, na wewe unaishi Kakamega, ambako mvua haina mapumziko marefu.

Nenda kwa mzee mchana, na tochi, sumaku ndogo na bisibisi. Inua kiti cha nyuma. Betri iko upande wa kulia, imekaa juu ya sakafu, na asidi ya miaka yote hiyo imekuwa ikidondoka papo hapo. Dunga bati kwa bisibisi. Likitoboka hapo tu, si mwisho wa mambo: sakafu hukatwa, ikachomelewa mpya, nawe unamwomba mzee apunguze bei. Kisha piga magoti kando ya mlango. Chini yake, kila upande, kuna mfereji wa bati uliofungwa, unaopeleka hewa moto kutoka kwenye injini hadi miguuni mwa dereva. Kwetu hiyo hewa moto haina maana, lakini mfereji wenyewe ndio unaoibeba bodi. Ukioza, bodi inalegea katikati. Utajua kwa kuangalia mlango ukiwa umefungwa: kama nafasi kati yake na bodi si sawa juu na chini, au mlango unashuka unapoufungua, mifereji imekwisha. Hatimaye tazama kichwa cha chasisi, pale ekseli ya mbele inapofungiwa, na shimo la tairi la akiba, ambapo maji hupenda kutuama.

Sumaku ni ya kutafuta fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bati. Ipitishe juu ya wingi za magurudumu, chini ya madirisha na pembeni mwa milango. Isipong'ang'ania, chini ya rangi hiyo nzuri hakuna bati. Mifereji yote miwili ikiwa imeoza pamoja na kichwa cha chasisi, mshukuru mzee, uondoke, hata akikupunguzia nusu. Nimeona watu wakichomelea gari la namna hiyo mwaka hadi mwaka, na halitulii.

Injini ipime kwa jambo moja kabla ya kuiwasha. Shika ile puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uivute kwako kisha uisukume. Mchezo unaotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, na 0.15 ndio ukomo. Macho hayawezi kuuona mchezo mdogo hivyo, lakini ukizidi sana utausikia mkononi ukigonga. Ukigonga, krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) imekula nyumba yake na injini inadai kufunguliwa yote. Gari bado laweza kununuliwa, ila kwa bei ya gari lisilo na injini.

Sasa tuseme bodi ni nzima na mmeafikiana. Usiliendeshe kwenda nyumbani. Gari lililosimama muda mrefu ni la kubebwa au kuvutwa, na la kwanza kubadilishwa ni mipira ya petroli. Hapa nakuomba usome polepole. Petroli ya Beetle inatoka kwenye tangi lililo mbele, inapita chini ya gari kwa bomba la chuma, na inaingia injini kwa vipande vya mpira vilivyovikwa kitambaa. Kitambaa huficha nyufa. Mpira ukikauka unapasuka ndani ya nguo yake, petroli inadondokea kwenye injini moto, na distributa inayotoa cheche iko papo hapo. Nyumba ya injini hiyo ni ya aloi ya magnesi, nayo ikishika moto maji hayaizimi. Beetle nyingi zilizoungua barabarani ziliungua kwa mpira wa bei ya soda. Badilisha vipande vyote, kile kilichojificha juu ya gia boksi na kile cha chini ya tangi pia, vifungwe kwa klempu, na kila mwaka uvibadilishe tena hata vikiwa vinapendeza macho. Nunua na mtungi wa kuzimia moto, ufungwe karibu na mkono wako. Hakikisha pia kifuniko cha betri kipo, maana springi za kiti cha nyuma abiria mzito akikaa zinaweza kugusa vichwa vya betri zikawasha sponji.

Breki zifunguliwe magurudumu yote manne. Beetle 1300 kwa kawaida lina drami mbele na nyuma, na silinda ndogo za ndani hukwama kwa kutu gari likisimama. Ile mipira mifupi ya breki nayo huvimba kwa ndani, breki ikishika haiachi. Badilisha vyote pamoja na mafuta ya breki, halafu mafuta hayo yawe yanabadilishwa kila miaka miwili. Tairi zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho wa ule msimbo wa DOT ni wiki na mwaka wa kuundwa. Zikiwa kuukuu zitoe, hata kama meno yamejaa. Saizi ya 165/80 R15 inakaa vizuri.

Ukijaza hewa, mkataze kijana wa petroli asikuwekee 35 pande zote kama alivyozoea. Uzito wote uko nyuma, kwa hiyo mbele ni kama psi 18 na nyuma 27. Ukipandisha ya mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na gari linarukaruka. Ipo na ajabu nyingine: maji ya kuoshea kioo husukumwa na hewa ya tairi la akiba, kwa hiyo usipoliongezea hewa utakosa vyote viwili siku ya matope.

Kuhusu matunzo, una bahati ya kuwa mwalimu. Kilomita 50 kwa siku kwa muhula mmoja ni kama 3,000 na kitu, na ukiongeza sokoni, kanisani na mazishini unakaribia 4,000. Beetle linataka kuangaliwa kila kilomita 5,000. Basi kila shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, gari liingie gereji siku moja nzima, na usikubali kuahirisha.

Siku hiyo oili inamwagwa. Ni lita 2.5 tu, na gari halina filta ya karatasi bali wavu mdogo wa chuma chini ya injini, unaofunguliwa, ukaoshwa na kurudishwa kwa gasketi mpya. Kwa kuwa wavu huzuia takataka kubwa peke yake, uchafu uliobaki hutoka kwa njia moja, yaani kuimwaga oili mapema. Wanaokwambia ufikishe 10,000 kama kwenye gari jipya wanakuharibia krankshafti. 20W-50 inafaa hali yetu ya hewa. Filta ya hewa ya gari hilo ni bakuli lenye oili. Januari na Februari, vumbi likizidi, ifungue hata kabla ya likizo.

Halafu valvu. Hili ndilo jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza, na ndilo linaloua injini za Beetle huku kwetu. Kati ya roka, mkono unaoisukuma valvu, na valvu yenyewe panatakiwa upenyo wa milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Kadiri gari linavyotembea, valvu hukaa ndani zaidi kwenye kiti chake na upenyo ule unapungua. Ukiisha, valvu haifungi sawasawa. Valvu ya kutolea moshi hupoa hasa pale inapokikalia kiti chake, kwa hiyo isipofunga inaungua, au kichwa chake kinakatika na kutoboa pistoni. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba valvu inayopiga kelele kidogo haina neno, na ile iliyonyamaza ndiyo ya kuogopwa. Fundi akikusifia kwamba amezibana zikanyamaza, mrudishie gari azipime kwa kipimo.

Mwache akuonyeshe, kwa sababu kazi hii unaiweza. Vifuniko viwili vya valvu hufunguka kwa kusukuma waya mmoja kwa bisibisi. Unaanza pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa, rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa) ikielekea alama iliyo ukingoni mwa distributa. Unapima valvu zake mbili, unazungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, unapata silinda ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Iangalie sana ya tatu. Kwenye Beetle za kabla ya mwaka 1971 kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni, kikiziba sehemu ya hewa inayoiendea silinda hiyo, na ndiyo maana ndiyo inayopata joto kuliko zote na ndiyo huvunja valvu kwanza. Gari la mzee ni la 1969, limo humo.

Siku hiyo hiyo pointi za distributa zipimwe milimita 0.4, plagi zitolewe zitazamwe, breki zibanwe kwa kuzungusha nati zake za meno, na ekseli ya mbele ipigwe grisi kwenye vinyonyo vyake vinne. Hayo hayana mengi ya kueleza.

Kuna kitu kingine ambacho nakasirika kila nikikikosa: mabati ya injini. Injini hii haina rejeta wala maji. Inapozwa na feni inayovuta hewa baridi kutoka juu, ikaipitisha kwenye silinda na kuitoa chini. Mabati meusi yanayoizunguka, pamoja na mpira unaoziba nafasi kati yake na bodi, yapo ili hewa moto ya chini isirudi juu. Mafundi wengi wakishusha injini huyatupa wakidhani ni pambo, kisha gari linachemka na lawama zinaangukia umri wake. Ukiwa kwa mzee, fungua kifuniko cha nyuma utazame chini. Ukiona ardhi kando ya injini, mabati hayapo au mpira umekwisha, na ni lazima yatafutwe kabla ya safari ya kwanza.

Feni hiyo huzungushwa na fenbelti ileile inayozungusha dainamo. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa unaendesha, usiwaze betri. Simama papo hapo, kando ya barabara, hata kama umebakiza mita mia kufika shuleni, kwani huenda belti imekatika na injini haipozwi na chochote. Weka buti belti ya akiba, spana ya 21 na bisibisi nene. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, na hiyo spana ya 21 ndiyo saizi ya plagi pia. Belti iliyobanwa vizuri hubonyea kama sentimita moja na nusu ukiisukuma kwa kidole gumba.

Sasa barabara yenyewe. Injini ya 1300 ya mwaka huo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 40, zilizopimwa karibu na usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi nguvu hupungua, takriban asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda. Kakamega uko karibu mita 1,500, kwa hiyo unaendesha na farasi kama 34. Zinatosha, lakini lazima uzisaidie kwa gia. Vilima vya Chavakali, na ule mpando wa kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa unaporudi kutoka Kisumu, uvipande kwa gia ya tatu huku injini ikizunguka kwa uchangamfu. Kukazana na ya nne gari likinung'unika ndiyo njia ya haraka ya kuichoma injini, kwa sababu feni hufuata kasi ya injini: injini ikienda polepole na mzigo mzito, joto linapanda na upepo unapungua. Ukiona plagi nyeusi na petroli inaisha haraka, kabureta linamwaga petroli nyingi kuliko hewa ya huku juu. Fundi aweke jeti ndogo, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli. Likiwa sawa, tarajia kilomita 11 au 12 kwa lita moja, yaani lita nne na ushei kwa siku yako. Ukiambiwa utie dawa kwenye petroli kwa kuwa siku hizi haina risasi, usihangaike. Vichwa vya injini hii vina viti vya valvu vya chuma kigumu.

Kwenye matope utawapita wenzako. Uzito wa injini umeyakalia magurudumu yanayoendesha, na hiyo ndiyo sababu mojawapo Beetle lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mvua ilikuwa ndiyo hakimu wa mashindano. Kwenye lami yenye maji, hata hivyo, nenda kwa adabu. Drami zikiingia maji hazishiki kwa sekunde kadhaa, basi ukishavuka dimbwi gusa breki taratibu mpaka zikauke. Na ekseli za nyuma hukunjika pale zinapoungana na gia boksi: ukiingia kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, nyuma inainuka, magurudumu yanajikunja kwa ndani na mkia unatoka. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa ndani yake uendelee kukanyaga mafuta kidogo.

Nakuru unaweza kwenda, mchana, na wiki chache tu baada ya kuhudumia gari. Kutoka Ahero hadi Kericho na kupanda mpaka Mau Summit utapoteza hadi robo ya nguvu, nawe utafuatana na malori bila kuyapita. Yaache yaende. Kinachonitia wasiwasi ni kushuka Sachangwan na Salgaa. Shuka kwa gia ya tatu, hata ya pili pakihitajika, kabla breki hazijapata joto, kwa sababu drami zikishachemka kanyagio linashuka na gari halisimami. Usiku na mvua, lala Kericho.

Wenzako wanaosema Vitz hawakosei katika jambo moja, nami sitakuficha. Vitz nyingi zina mifuko ya hewa, na mwili wake uliundwa kubonyea ili kumlinda aliye ndani. Beetle la 1969 halina hayo. Funga mikanda ya pointi tatu mbele, na kama una watoto, usifanye gari hili kuwa la kuwapeleka shule mpaka mikanda ya nyuma iwe imefungwa kwenye chuma kizima. Kama nyumba yenu itakuwa na gari moja tu na watoto wadogo watatu, chukua Vitz. Kama ni wewe peke yako kwenda kazini na kurudi, na unapenda kushika spana Jumamosi moja kila muhula, Beetle lenye bodi nzima litakuhudumia miaka mingi, na halina kompyuta itakayokufungia mlango wa gereji ya mtaani.

Tenga theluthi ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Usipokuwa nayo, subiri uipate kwanza.

Karatasi zishughulikie kabla ya kutoa shilingi. Namba ya chasisi imegongwa juu ya handaki la katikati chini ya kiti cha nyuma, na ya injini iko kwenye nyumba ya injini, chini ya kikalio cha dainamo. Zilinganishe zote mbili na logibuku. Magari haya hubadilishiwa injini mara nyingi bila mtu kuripoti, na ukikuta namba zinatofautiana, mwombe mzee arekebishe NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kwa jina lake kwanza. Akishakuuzia, usumbufu ni wako. Uhamisho wa umiliki mfanye kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, yeye aanzishe nawe ukubali. Bima ya lazima chini ya sheria, Sura ya 405, ni ya mtu wa tatu, na hiyo utaipata. Bima kamili kampuni nyingi husita kuitoa kwa gari la umri huo, kwa hiyo uliza kabla hujaahidi bei.

Ukishatoka kwa mzee, niandikie uniambie umekuta nini chini ya betri, milango inafungaje, na puli iligonga au haikugonga. Taja na bei anayoitaka, nikwambie kama ni ya haki.